Kwa Mama Shija, Uyui

Nilikwenda Tabora kwa sababu karatasi zilisema hivi na mizani ikasema vile.

Mimi ni mtafiti wa lishe, na kazi yangu iko Morogoro. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tukipokea madodoso kutoka vijiji vya wilaya ya Uyui, ambako kina mama wenye watoto wa chini ya miaka miwili walikuwa wakihojiwa. Maswali yalihusu mambo mawili: mtoto anakula nini, na mama mwenyewe anajisikiaje moyoni. Kijiji kimoja kilileta majibu mazuri kupita kiasi. Watoto wanakula mara nne kwa siku, wanakula mayai, mboga za majani na matunda. Kina mama wanalala vizuri, hawana huzuni, hawana hofu. Lakini watoto haohao, waliopimwa siku hiyohiyo, uzito wao ulikuwa unashuka.

Mkuu wangu wa kazi aliweka lile rundo mezani kwangu. "Ama mizani ni mbovu, ama tunadanganywa," akasema. "Nenda ukaone mwenyewe."

Sikumwambia kilichoniuma. Maswali yale niliyatunga mimi. Nilikaa nayo wiki nyingi, nikiyapunguza na kuyanyoosha, na nilikuwa nikiyaonea fahari.

Kijiji chenyewe sitakitaja, maana tuliwaahidi kina mama hivyo. Majina ya watu nimeyabadilisha pia, isipokuwa jina la mtoto mmoja ambalo mama yake aliniruhusu kulitaja. Unyamwezini wenye jina hilo ni wengi, hata nikilitaja hakuna atakayemtambua.

Saa kumi na mbili asubuhi, Dodoma. Nilikuwa nimelala hapo nikitokea Morogoro. Basi liliondoka kukiwa na baridi ya mwezi wa sita, abiria wote tumejifunika hadi masikio. Manyoni tulikunywa chai ya haraka. Baada ya Itigi vichaka vilisongamana pande zote mbili, vya kijivu, bila nyumba wala shamba, na kilomita nyingi nilikuwa naona uso wangu tu kwenye kioo. Huko ndiko misafara ya zamani ilikopita, ikitoka pwani kwenda Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo. Shuleni tulifundishwa habari za wapagazi na pembe za ndovu. Siku ile nilijikuta nawaza wanawake waliokuwamo katika misafara ile, wenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni, na walikuwa wakiwapa nini watoto wao katika vichaka vile visivyo na maji.

Vichaka vilipoisha ikaanza miombo, na kando ya barabara tukaona asali iliyopangwa kwenye chupa za soda. Nikajua tumeingia Tabora.

Saa nane mchana, mjini. Nilifikia Ng'ambo kwa Bi Zuhura, mjane anayeshona nguo barazani kwake na kupangisha vyumba viwili vya nyuma. Ukoo wake ni wa mjini tangu enzi za misafara.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya watoto, nimeambiwa. Basi oga kwanza, ule. Mwenye njaa hapimi wenye njaa."

Asubuhi ya siku ya pili nilikwenda Isikizya, yalipo makao makuu ya halmashauri, kuripoti na kugongewa muhuri barua yangu. Ofisa aliyenipokea alikuwa mkarimu. Aliniambia kina mama wa kule hawana shida, watajibu kila nitakachouliza. Nilifurahi kusikia hivyo. Sikujua bado kwamba hilo ndilo lililokuwa tatizo. Kutoka hapo nilichukua pikipiki. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, na huku na huku nikiona mabani ya kukaushia tumbaku, kuta zake zimeungua moshi. Viazi vitamu vilikuwa vimevunwa. Kila uwanja ulikuwa na vipande vilivyokatwa vyembamba na kuanikwa, vyeupe kama karatasi. Wenyewe wanaviita michembe.

Saa nne asubuhi, kijijini. Mwenyeji wangu, Mama Sesilia, alikuwa ananingoja mbele ya zahanati. Ni mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo, mwimbaji wa kwaya ya kigango, na anatembea kwa kasi ambayo mimi mdogo wake sikuiweza. Tukiwa tunatoka, macho yangu yakapita kwenye bango la lishe lililobandikwa ukutani kwa nje, lenye picha za vyakula vimepangwa mstari: nafaka, kunde, mayai, mboga, matunda.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Nyamizi. Alikuwa amekaa mkekani uwanjani akikata viazi, mwanamke wa miaka kama ishirini na sita, mwembamba, kitenge amekifunga vizuri. Mumewe alikuwa msituni kurina asali, na kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Pembeni yake alikaa mtoto wa kiume wa miezi kumi na mitano, kimya, akitutazama kwa macho makubwa.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Shija."

"Una watoto wangapi walio hai?"

"Mmoja."

Nikaandika moja. Nikamuuliza mtoto anakula nini. Nyamizi aliweka kisu chini, akanyoosha mgongo, akajibu bila kuvuta pumzi: "Nafaka, kunde, mayai, mboga, matunda."

Kalamu yangu ilisimama. Lilikuwa ni lile bango la zahanati, kwa mpangilio uleule.

Niliendelea, maana ndivyo nilivyozoea. Nikaja kwenye sehemu ya moyo. "Katika wiki mbili zilizopita, umewahi kukosa hamu ya mambo unayoyapenda?"

"Hapana."

"Umewahi kulia bila sababu?"

"Bila sababu? Hapana."

Nikaandika hapana. Kisha nikatoa utepe wa kupimia utapiamlo, wenye kijani kwa mtoto mzima, njano ya onyo na nyekundu ya hatari, nikauzungusha kwenye mkono wa Shija juu ya kiwiko. Alama ikasimama kwenye njano, karibu kabisa na nyekundu. Mtoto hakulia wala hakuuvuta mkono.

Siku ile tulitembelea nyumba sita. Majibu yalikuwa yale ya bangoni karibu kote. Nilirudi Tabora nimechoka na nimekasirika, nisijue nimemkasirikia nani.

Jioni, baada ya magharibi, nikila wali na kisamvu nyumbani kwa Bi Zuhura, nikamsimulia bila kutaja kijiji wala mama. Nikasema kuna mtoto mmoja, Shija, macho yake hayanitoki.

Bi Zuhura akasimamisha kijiko. "Shija? Na wale mapacha wako wapi?"

"Mapacha gani?"

"We mwanangu, Kulwa na Doto huwajui?"

Hao nawajua, nikamwambia. Nani Tanzania asiyejua kwamba Kulwa na Doto ni majina ya mapacha?

"Basi huku anayezaliwa baada yao ndiye Shija. Ukisikia Shija, ujue mbele yake walitangulia wawili."

Chakula kilinishinda. Niliingia chumbani nikafungua dodoso. Mtoto aliye hai: mmoja. Swali la watoto waliofariki lilikuwamo katika rasimu yangu ya kwanza. Nililiondoa mwenyewe ili karatasi isiwe ndefu, kina mama wasichoke. Nikasoma tena lile jibu lingine, na mara hii nililisikia kama alivyolitamka: Bila sababu? Hapana.

Siku ya tatu nilirudi kijijini na mkoba mtupu. Mama Sesilia nilimkuta akichota maji.

"Mama, mbona hukuniambia habari za wale mapacha?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani unajua. Umetamka jina la mtoto mwenyewe, ukaliandika. Hapa kila mtu anajua."

Tulimkuta Nyamizi palepale mkekani. Nikaomba kisu, nikaanza kukata viazi naye. Vipande vyangu vilikuwa vinene, akavichukua akavikata upya bila kusema neno. Tulikaa hivyo muda mrefu, sisi watatu, na Shija katikati. Mwishowe nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Kulwa na Doto walikuwa na umri gani?"

Kisu chake kikasimama. Nikadhani nimeharibu. Kisha akasema, "Miezi tisa."

Walikuwa wasichana. Alikuwa amewaanzishia uji wa karanga, kwa sababu alifundishwa kliniki na kwa sababu karanga zilikuwa nyingi mwaka ule. Siku ya tatu wakaanza kuharisha wote wawili. Kulwa alifia njiani, mgongoni mwake, naye hakujua mpaka alipomshusha. Doto alikaa wiki moja. Pale alipompeleka, na hakuniambia ni wapi wala sikumuuliza, mtu mmoja aliyevaa koti jeupe alimtazama akamuuliza: Ulikuwa unawalisha nini wewe?

"Nikaelewa," akasema Nyamizi. "Nikajua ni mimi. Tangu siku ile akija mtu na karatasi akaniuliza mtoto anakula nini, namjibu yale ya ukutani, aondoke."

Ndilo swali langu la kwanza katika dodoso, karibu kwa maneno yaleyale.

"Na Shija unampa nini?"

"Uji wa sembe. Mwepesi, uliochujwa. Na ziwa. Karanga naziogopa. Mayai nayaogopa. Akikohoa tu, mimi sili."

Sikuwepo walipougua wale watoto, na sikutaka kumwambia uongo mtamu. Nikamweleza ninachokijua: kwamba kuhara kwa watoto mara nyingi huja na maji machafu, hasa wakati wa mvua, na kwamba kuwapa uji mzito kwa umri ule lilikuwa jambo sahihi. Alinisikiliza kwa adabu. Niliona wazi kwamba maneno yangu yanapita juu tu, kama yale ya bangoni.

Ndipo Mama Sesilia akasema, "Nyamizi, ulikuwa ndani unaomboleza, hukuona. Masika yale kisima kilifurika, watoto wa huku chini wote waliharisha. Mjukuu wangu aliharisha mpaka tukamkatia tamaa, naye alikuwa wa miezi minne, ananyonya tu. Uji alikuwa hajauonja."

Nyamizi alimgeukia. "Mjukuu wako? Yule wa binti yako Paulina?"

"Yeye. Muulize Paulina."

"Hakuniambia."

"Nani angekuambia habari ya mtoto aliyepona, wakati wewe ulikuwa na makaburi mawili?"

Nyamizi alifunika uso kwa kitenge, akalia. Alilia kwa sauti, na jirani mmoja akachungulia kutoka uani kwake kisha akarudi. Shija akatambaa akapanda mapajani pake. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Saa saba mchana alinyanyuka mwenyewe, akanawa uso. "Nionyeshe," akasema. "Lakini nyinyi mle kwanza."

Tulichagua karanga moja moja, tukatupa zilizosinyaa na zenye ukungu. Tukachemsha maji mpaka yakatokota sana. Mama Sesilia akakaanga, Nyamizi akatwanga, mimi nikakoroga uji ukaniunguza kidole, nao wakacheka. Tukala sisi watatu mbele ya mtoto, kijiko baada ya kijiko, kama watu walioitwa kuonja sumu. Kisha Nyamizi akamnawisha Shija mikono, akachota nusu kijiko, akakisimamisha hewani. Sikujua kama atakishusha au atakirudisha bakulini, na nadhani yeye pia hakujua.

Shija ndiye aliyeamua. Aliukamata mkono wa mama yake kwa mikono yote miwili, akauvuta mdomoni.

Alikula nusu bakuli. Nyamizi akasema inatosha, akaenda kukaa mlangoni, akampakata na kumtazama kana kwamba anasubiri kitu kianze.

Jioni ile sikurudi mjini. Nililala kwa Mama Sesilia, na kusema kweli niliomba zaidi ya nilivyolala. Watoto huugua kwa sababu elfu. Kama Shija angeharisha siku ile, hata kwa jambo lingine kabisa, Nyamizi asingemlisha tena, na asingeniamini mimi wala mtu yeyote anayefanana nami.

Siku ya nne, saa moja asubuhi. Tulikuwa tunafagia uwanja tulipomwona anakuja njiani mbiombio, mtoto mgongoni, kichwa hakina kitambaa. Ufagio ukaniponyoka. Mama Sesilia akamkimbilia.

"Vipi?"

"Ameamka analia," Nyamizi akasema akihema.

"Analia nini?"

"Anataka uji!"

Mama Sesilia alipiga kigelegele kilichoamsha kuku. Mimi nilikaa chini, palepale kwenye vumbi.

Lakini ule utepe wa njano haukuwa jambo la kuponywa kwa bakuli moja. Shija alihitaji kupimwa na kufuatwa zahanati, na kule Nyamizi alikuwa hataki kukanyaga. Bango alilisoma akiwa nje tu, akisubiri wenzake. Mama Sesilia akasema, "Tutaingia wote. Atakayekusema atanisema na mimi." Tukaenda.

Nesi alikuwa binti mgeni pale, hajamaliza hata mwaka, Msukuma, na kwao pia Shija huzaliwa baada ya mapacha. Alichukua kadi.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Shija."

Nesi akatazama kadi, iliyoonyesha mtoto mmoja tu aliye hai, akainua macho, akaweka kalamu chini. "Pole sana, mama," akasema. Halafu ndipo akampima.

Aliuliza maswali yote yanayotakiwa, pamoja na lile la chakula, na Nyamizi akajibu kweli: sembe nyepesi, na jana karanga kwa mara ya kwanza. Nesi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaandika, akampangia kurudi kila baada ya wiki mbili. Mama Sesilia akaahidi kumsindikiza.

Tukirudi tulikutana na baiskeli iliyofungwa ndoo za asali, na mwanamume mwenye ndevu za msituni akiisukuma. Alikuwa Maganga, mume wake. Walisalimiana, kisha Nyamizi akaanza kusema Kinyamwezi haraka haraka. Sikuelewa ila majina mawili: Kulwa, Doto. Baadaye Mama Sesilia aliniambia tangu mazishi hawakuwahi kuyataja nyumbani mwao. Maganga aliilaza baiskeli chini, ndoo na asali yake yote, akamfuata mkewe pembeni ya njia. Sisi tukatangulia.

Siku ya tano, Tabora. Nilimpigia mkuu wangu. Nilimweleza kwamba mizani ni nzima na kina mama si waongo, bali tumewauliza kama watu wanaotafuta mkosaji. Nikaomba kubadilisha maswali.

"Dodoso halibadilishwi katikati ya utafiti," akasema. "Unalijua hilo."

"Najua. Basi niruhusu nibadilishe namna ya kuingia."

"Hebu jaribu Kaliua," akasema. " Ukimaliza andika, tulipeleke kwenye kamati."

Siku ya sita nilipanda treni kwenda Kaliua, pale reli ya Mpanda inapoachana na ile ya Kigoma. Kijiji chetu cha pili kiko jirani na hapo. Safari hii karatasi ziliingia mkobani, zikabaki mkobani mpaka tumekaa, tumesalimiana vizuri, nimeshika kazi yoyote iliyokuwa mikononi mwa mwenye nyumba. Kisha nilisema tu, "Nitajie watoto wako wote." Mama wa kwanza alinitajia wanne, huku mmoja tu akicheza mbele yetu. Wa pili alitaja wawili walio hai, akacheka, akasimulia jinsi alivyomzaa wa pili shambani. Wa tatu alinyamaza nikamwacha. Nilipotoa karatasi, majibu yalikuwa mabaya kuliko yale mazuri ya mwanzo. Yalikuwa ya kweli. Tulijua sasa nani anahitaji kusindikizwa zahanati, nani anahitaji maji safi, na nani anahitaji mtu wa kukaa naye.

Wiki ya pili nilirejea Morogoro kwa njia ileile ya vichaka. Niliandika taarifa, na kamati imekubali swali la watoto wote lirudishwe, na wahojaji wafundishwe upya namna ya kukaa na mama kabla ya kumuuliza. Ndilo nililojifunza, na ninaona haya kidogo kwamba nilihitaji kwenda mbali hivyo kulijifunza: moyo wa mama na bakuli la mtoto ni chombo kimoja. Sisi tulikuwa tumevitenga katika kurasa mbili.

Juzi, saa kumi jioni, simu iliita. Alikuwa Mama Sesilia. Kina mama wanane sasa wanakutana uwanjani kwake kila Jumanne kupika pamoja, na utepe wa Shija umefika kijani. "Subiri," akasema, "kuna mtu anataka kukusalimu."

Sauti ya Nyamizi ikaja, nyuma yake mchi unatwanga na watoto wanapiga kelele. Tulisalimiana, tukaulizana hali ya hewa. Kisha akasema, "Dada, siku zote zile uliniuliza mimi tu. Na wewe je? Una watoto wangapi? Wanaitwaje?"

Katika kazi hii nimehoji kina mama wengi sana, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilifunga mlango wa ofisi, nikakaa, nikaanza kumsimulia. Salio la Mama Sesilia lilipokwisha, nilimpigia mimi tukaendelea.